Namna ya Kujiandaa Kuwa Mlinzi wa Safu ya Mbele katika Futiboli ya Kimarekani Ukianzia Kakamega, Kisumu au Nakuru

Kila mwaka, mashindano ya raga ya shule za sekondari yanapopamba moto huku Magharibi mwa Kenya, huonekana vijana watatu au wanne ambao umbo lao humfanya mtazamaji aulize wanalishwa nini nyumbani. Kijana wa aina hiyo humaliza Kidato cha Nne, huchezea klabu kwa misimu miwili hivi, kisha huajiriwa kuwa mlinzi wa mlangoni katika kilabu cha usiku na hadithi yake ya uwanjani huishia hapo. Mwongozo huu nimemwandikia yeye, pamoja na mzazi wake na mwalimu wake wa michezo, kwa sababu tangu nilipoacha kucheza raga, namba tatu, mjini Nakuru na kuanza kuwafundisha vijana siku za Jumamosi, swali moja limekuwa likinirudia: je, mtu wa kwetu anaweza kuingia katika futiboli ya Kimarekani, na akitaka kujaribu aanzie wapi? Jibu langu ni kwamba anaweza kujaribu bila kuharibu maisha yake, mradi achague nafasi inayomfaa, ajifunze miguu kabla ya nguvu, na asiguse karatasi yoyote kabla hajaisoma.

Kazi yenyewe

Timu inayoshambulia huwa na watu 11 uwanjani, na 5 kati yao ndio safu ya mbele. Katikati yupo senta, ambaye huanzisha kila mchezo (yaani kila kipande kifupi cha mechi) kwa kuupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wapo walinzi wa ndani. Na kwenye ncha mbili wapo walinzi wa pembeni. Katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, watu hawa huvaa jezi za namba 50 hadi 79, na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Wana majukumu mawili tu: kumfungulia njia mwenzao anayekimbia na mpira, na kumkinga kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, kwa zile sekunde mbili au tatu anazohitaji kumtafuta wa kumrushia. Hawafungi, hawashangiliwi, na mtangazaji huwataja hasa wanapokosea. Anayependa kupigiwa makofi atafurahi zaidi katika raga ya wachezaji saba, ambako mashindano ya Prinsloo ya Nakuru na Dala ya Kisumu humsubiri kila mwenye mbio.

Pamoja na hayo, hii ndiyo nafasi ninayompendekezea mtu mkubwa anayeanza akiwa amechelewa. Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli hiyo, alipangwa upande unaozuia mashambulizi ya wapinzani, katika nafasi inayomtaka mtu asome uwanja mpana na aamue kwa kufumba na kufumbua, na maisha yake katika ligi hayakuwa marefu. Mlinzi wa safu ya mbele ana eneo dogo kama sebule. Anayepambana naye amesimama mbele yake, na anachopaswa kujua ni cha kina kirefu lakini si kipana. Jordan Mailata, kijana wa Australia aliyekulia katika raga ya ligi, alichaguliwa na Philadelphia Eagles katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL mwaka 2018, raundi ya saba, akiwa wa 233, ilhali hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Hakucheza mechi ya ligi mwaka huo wala uliofuata. Aliingia mwaka 2020 akawa mlinzi wa pembeni kushoto, na Februari 2025 akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, na timu hiyohiyo. Roy Mbaeteka wa Nigeria naye alisajiliwa na New York Giants mwaka 2022 akitokea mahali ambapo mchezo huo haukuwa na mizizi. Hata hivyo, ile miaka miwili ambayo Mailata alikaa bila kucheza ndiyo ninayokuomba uikumbuke, kwa maana vijana wengi wa kwetu hukata tamaa katika mwezi wa pili.

Jipime kabla ya kuota

Walinzi wa safu katika NFL huwa na uzito wa kilo 140 kwa wastani, au zaidi kidogo, na walinzi wa pembeni kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 193 na kuendelea. Mikono hupimwa pia, kuanzia bega hadi ncha ya kidole cha kati, na makocha wengi hupenda mlinzi wa pembeni awe na mkono usiopungua sentimita 84 hivi, kwa sababu anayemfikia mwenzake kwanza ndiye anayeamua mvutano utaelekea wapi. Ukiwa na sentimita 188 na mikono ya wastani, hujafungiwa mlango: jifunze kazi ya senta au ya mlinzi wa ndani, ambako ufupi humsaidia mtu kuingia chini ya mwenzake. Ukiwa na sentimita 178, ushauri wangu wa kweli ni kwamba ubaki kwenye raga.

Ukitaka kujua uzito wako, usitegemee mizani ya kliniki ya mtaani ambayo huishia kilo 120 au 130. Nenda kwa mfanyabiashara wa nafaka, omba nafasi kwenye mizani ya magunia, na uandike tarehe. Vijana wangu hucheka wanapopanda pale kati ya mahindi na maharagwe, ila namba wanazotoka nazo ni za kweli.

Miguu

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo wachezaji wetu wa raga hushindwa.

Mtu wa skramu amezoea kusukuma kwenda mbele. Mwili wake wote umefunzwa kuegemea, na akipoteza mizani huokolewa na wenzake aliofungamana nao. Mlinzi wa safu, kwotabeki anapotaka kurusha mpira, hufanya kinyume: hurudi nyuma akiwa peke yake, ameinua kifua, amekalia nyonga, huku mtu wa kilo 120 mwenye mbio akimjia. Akiegemea mbele, mpinzani atamvuta mkono na kumpita. Akisimama wima, atasukumwa hadi miguuni mwa kwotabeki.

Mfano bora niliowahi kuuona haukuwa katika video yoyote. Ni mvutaji wa mkokoteni anayeteremka mteremko karibu na soko la Nakuru akiwa na magunia manane ya viazi. Mwangalie vizuri. Mgongo wake umenyooka, nyonga zimeshuka, mikono imebana mihimili karibu na mbavu, na miguu inapiga hatua fupifupi ambazo kamwe hazipishani wala hazigusani. Kisigino hakitui kwanza. Anatua kwa nusu ya mbele ya wayo, kisha wayo wote unashika lami. Mzigo ukimsukuma zaidi, hakimbii wala hajiinui, bali anashuka zaidi. Nilimpeleka kijana mmoja wa Shinyalu akamtazame mtu wa namna hiyo kwa dakika 20 kabla ya kumfundisha chochote, na siku hiyo alielewa jambo ambalo nilikuwa nimelieleza kwa wiki tatu.

Baada ya kutazama, fanya hivi. Chora kwa majivu mstari wa mita tano kwenye uwanja wa murramu. Simama pembeni mwa mstari kana kwamba wewe ni mlinzi wa pembeni kushoto: miguu imeachana zaidi kidogo ya upana wa mabega, na mguu wa kushoto umerudi nyuma kidogo ili vidole vyake vilingane na katikati ya wayo wa kulia. Sukuma kwa mguu wa kulia, mguu wa kushoto uteleze nyuma karibu na ardhi, kisha wa kulia uufuate kwa umbali uleule, bila visigino kukaribiana. Rudia hadi mwisho wa mstari, upumzike, urudie upande wa pili. Ukimaliza, zitazame alama mavumbini. Miguu sahihi huacha mikwaruzo mirefu miwili inayoenda sambamba. Mtu anayerukaruka huacha vishimo. Fanya mara 10 kila upande, siku 4 kwa wiki, kwa miezi miwili, na katika muda huo usimruhusu mtu yeyote akusukume. Mwezi wa tatu mlete mwenzako akujie polepole, kisha kwa nusu ya mbio.

Kumfungulia njia mkimbiaji ni kazi ambayo mtu wa raga huijua zaidi. Waliowahi kwenda kutazama fahali wakipigana kule Khayega au Ikolomani wanajua kwamba mshindi huwa yule aliyepeleka kichwa chini ya mwenzake huku miguu ya nyuma imetanuka, hata kama ana mwili mdogo. Zoezi lake ni rahisi: mwombe mwenye gari alifungue breki kwenye tambarare, ulisukume mita 20 ukiwa na mikono iliyokunjwa, mgongo ulionyooka na hatua fupi. Probox inatosha kuanzia. Jambo moja tu litofautiane na fahali, nalo ni kichwa: usikitumie kugonga kamwe, wala mazoezini wala kwenye mechi.

Viatu ni tatizo la kweli kwa mtu wa miguu mikubwa. Namba 48 na 49 ni nadra madukani, ila nimezipata zaidi ya mara moja kwenye mitumba ya Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili asubuhi kabla wachuuzi wa rejareja hawajachagua.

Mikono, na dhambi ya kushika

Katika skramu tunafundishwa kukamata jezi na kuing'ang'ania. Katika futiboli ya Kimarekani mlinzi anaweza kuweka viganja kwenye kifua cha mpinzani, ndani ya upana wa mwili wake, na hata kubana pale. Lakini mpinzani akianza kuponyoka, kumvuta au kumkumbatia ni kosa linaloirudisha timu yake yadi 10. Kuondoka kabla mpira haujaanzishwa ni yadi 5. Mchezaji wa raga anayehamia huko huadhibiwa kwa kushika kuliko kwa jambo lingine lolote, kwa hiyo jizoeze kupiga kwa viganja vilivyo wazi, vidole gumba vikielekea juu, viwiko vikiwa karibu na mbavu, na kuachia mara mwenzako anapogeuka. Kwa wiki za kwanza nilimfunga yule kijana wa Shinyalu soksi mikononi ili asiweze kukamata chochote.

Kusoma mchezo

Mlinzi wa safu hufanya mtihani kila baada ya nusu dakika. Kabla mpira haujaanzishwa anapaswa kujua mchezo ulioitwa, kuhesabu wapinzani walio mbele yake, kusikia senta anavyobadilisha mpango, na kukumbuka mpira utaanzishwa kwa sauti ya ngapi. Kwa hiyo tazama mechi nzima ukimwangalia mtu mmoja tu wa safu. Mpira usiutazame kabisa. Simamisha video kabla mpira haujaanzishwa, andika kwenye daftari ni nani atakayemkabili, kisha iache iendelee uone kama ulipatia. Michezo 20 kila jioni inatosha. Maelekezo yote ya huko ni ya Kiingereza cha haraka, chenye lafudhi usiyoizoea, na hilo nalo hujifunzwa kwa kusikiliza.

Kuhusu ule mchezo wa bendera (flag football) unaoenea sasa katika shule zetu, ambao utachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, ucheze ukipenda ili uzijue kanuni, lakini usidhani utakufanya mlinzi wa safu. Humo watu hawakingani kwa miili, na mtu wa kilo 130 hana kazi ya maana.

Chakula na vyuma

Kuongeza uzito haraka ni rahisi mno kwa ugali na chapati, na uzito huo utakaa tumboni ukuchoshe. Lenga nusu kilo kwa wiki, ukila mara tano kwa siku, na kila mlo uwe na kitu cha kujenga misuli: mayai, maharagwe, ndengu, maziwa, njugu, au omena, ambayo kwa bei yake sijaona kinachoishinda. Vyuma vya saruji vya mtaani vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Chuchumaa na chuma mabegani, nyanyua kutoka chini, na sukuma juu ya kichwa. Katika majaribio ya NFL utatakiwa kusukuma kilo 102 ukiwa umelala chali kwenye benchi, mara nyingi uwezavyo, na kukimbia yadi 40, ambazo ni mita 36.6, ila kwa mtu wa safu makocha hutazama hasa yadi 10 za mwanzo. Sindano na poda zinazouzwa kwa kunong'onezana kwenye jimu uzikatae. Vyuo na ligi hupima, na Kenya imeshaaibika vya kutosha katika jambo hilo.

Njia za kuvukia

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendelea, ni ya chuo kikuu, kwa kuwa hata ukivunjika goti mwaka wa pili unaweza kurudi na shahada. Rekodi video ya dakika nne: sehemu bora za mechi zako za raga, mazoezi yako ya miguu yaliyopigwa kutoka mbele na kutoka kando, na kipimo cha urefu wako ukiwa umesimama ukutani karibu na futi inayosomeka. Itume pamoja na matokeo yako ya KCSE kwa makocha wa safu, si kwa kocha mkuu, na usianze na vyuo vikubwa vinavyoonekana kwenye televisheni. Vyuo vya Division II (daraja la pili la michezo ya vyuo), vya chama kidogo cha NAIA na vile vya miaka miwili, kama vya Kansas, huwa na subira zaidi na mtu anayejifunza.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Kwa kanuni iliyozoeleka ya Division I, daraja la juu, mchezaji ana miaka 5 ya kutumia misimu yake, na saa hiyo huanza kuhesabu siku anapojiandikisha kuwa mwanafunzi kamili katika chuo chochote cha elimu ya juu, hata kama kiko Kenya. Kijana aliyesoma miaka mitatu Maseno au Masinde Muliro kabla ya kuomba huwa amekwisha kuila sehemu kubwa ya muda wake. Soma kanuni za mwaka unaoomba katika tovuti ya NCAA Eligibility Center, ofisi ya chama cha michezo ya vyuo inayoamua nani anastahili kucheza, ambako usajili na malipo hufanywa na wewe mwenyewe moja kwa moja.

Maneno hayo, wewe mwenyewe moja kwa moja, nayasisitiza kwa uchungu. Binamu yangu alimpa mtu mmoja wa mjini shilingi 85,000 ili amtafutie nafasi ya ufadhili. Alipewa barua yenye nembo nzuri na saini ya kocha, na tulipoitazama kwa makini baadaye tukaona kwamba anwani ya barua pepe ilikuwa ya zile za bure ambazo kila mtu hujifungulia. Kocha wa chuo huandika kutoka anwani inayoishia na .edu. Chuo kikikukubali hukupa fomu ya I-20 yenye namba ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwaorodhesha wanafunzi wa kigeni, inayoanza na herufi N. Bila fomu hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, yaani F-1, hakuna mahojiano ya kweli pale ubalozini Gigiri, na hakuna anayeweza kukutengenezea njia ya mkato. Ada ya SEVIS ya mwanafunzi, ambayo imekuwa dola 350, hulipwa kwa serikali ya Marekani. Ukishafika, viza hiyo inakubana kuhusu kazi za kipato, kwa hiyo usitie saini mkataba wa matangazo hata kama wenzako wa Kimarekani wanatia, mpaka uulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Njia ya pili ni mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa, ulioanza mwaka 2017, ambao ndio uliompitisha Mailata. NFL imefanya kambi zake Afrika, na mwaka 2023 ilifika Nairobi. Anayechukuliwa hufunzwa kwa wiki kadhaa, na akipata timu huanzia katika kikosi cha mazoezi, ambacho tangu 2024 kila moja ya timu 32 inaweza kuongezea nafasi moja ya mchezaji wa kimataifa. Njia hii ni nyembamba sana, na ni ya wenye umbo la kipekee. Usiache masomo ukiisubiri.

Ukifika: fedha na mwili

Mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara wa mchezaji wa mwaka wa kwanza aliye katika kikosi cha NFL kilikuwa dola 840,000 kwa msimu, na wa kikosi cha mazoezi dola 13,000 kwa wiki. Namba hizo huwapofusha watu wa nyumbani. Mshahara hulipwa kwa wiki za msimu, kodi hukatwa kwanza, wakala huchukua hadi asilimia 3, na sehemu kubwa ya mikataba haina dhamana: ukiachwa Jumanne, Jumatano huna kazi. Kabla ya kumjengea mama nyumba, weka akiba ya mwaka mzima. Mama atangoja, na wajomba wangoje zaidi.

Mwili nao hulipa. Magoti, mabega na mgongo huumia kwanza, na vishindo vidogo vya kichwani, vinavyojirudia kila mchezo, vimehusishwa na ugonjwa wa ubongo unaojitokeza baada ya miaka mingi. Ukiona nyota, mwambie daktari wa timu siku hiyohiyo, hata kama nafasi yako iko hatarini.

Jambo la mwisho hutayarishwa mapema kuliko watu wanavyodhani, nalo ni kuushusha ule uzito. Joe Thomas wa Cleveland Browns, aliyecheza michezo 10,363 mfululizo (si mechi, bali vile vipande vinavyoanzishwa na senta) bila kukosa hata mmoja, kisha akaingia katika Ukumbi wa Umaarufu mwaka 2023, alipunguza zaidi ya kilo 20 baada ya kustaafu. Mtu aliyezoea milo mitano mikubwa haachi kula kwa sababu ameacha kucheza. Siku utakayovua kofia ya mwisho, rudi kwenye milo mitatu, ondoa ugali wa usiku kwanza, ogelea au endesha baiskeli badala ya kukimbia ili kuyahurumia magoti, na upimwe shinikizo la damu kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, iwe uko Ohio au umerudi Mumias.